Tulivyokwenda Kukagua Umaskini wa Watu

Mama yangu alikuwa akisema kwamba mimi nitakufa na swali mdomoni. Hakukosea sana. Nikipita mahali nikakuta watu wamekusanyika, miguu yangu inagoma mpaka nijue wamekusanyikia nini, na nikimwona jirani amebeba kuku asubuhi siwezi kukaa bila kujiuliza anampeleka wapi. Udaku huo ndio ulioniingiza kwenye kamati ya huduma ya usharika wetu pale Kariakoo. Katika mkutano mmoja niliuliza maswali mengi mno juu ya misaada, nani anapewa, kwa nini yule na si huyu, mpaka mchungaji akachoka. "Basi mama," akasema, "ingia wewe kwenye kamati ukajionee." Watu wakacheka, nami nikaingia.

Mchungaji mwenyewe alikuwa amechoshwa na misaada ya unga na sukari. Alituambia ibadani, bila kupaka mafuta, kwamba tulimpa unga bibi, tukampa unga binti yake, sasa tunampa mjukuu, na tusipobadilika tutakuja kumpa na kitukuu. Usharika ukaamua kufanya jambo jingine. Kila familia itakayochaguliwa, kijana wake mmoja atasomeshwa ufundi kwenye chuo cha kanisa kule Kigamboni, alale hukohuko, ale hukohuko, mpaka amalize na kupata kazi ya mikono yake. Dini isiangaliwe. Hilo la dini lilileta maneno, lakini mchungaji alisema njaa haijawahi kumuuliza mtu anasali wapi, na wenye maneno wakanyamaza.

Kamati tulikuwa watu watatu. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa kanisa, mstaafu wa reli, mtu mpole anayevua kofia hata akisalimia watoto. Wa pili alikuwa mama mweka hazina. Huyu ni Mchaga, ana duka la vitenge vya jumla nyuma ya soko, na alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa msichana asiye na kitu ila sanduku la bati. Alijijenga mwenyewe, kwa hiyo alikuwa na mashaka na kila mtu ambaye bado hajajijenga. Wa tatu ndiye mimi.

Kazi ilikuwa kuzitembelea nyumba zilizoomba, nyingi zikiwa Magomeni, na kuona kwa macho kama shida ni ya kweli. Mama mweka hazina alitaka twende bila taarifa. Mzee akakataa katakata. "Huwezi kuingia kwa mtu kama polisi," alisema. "Mwenye nyumba lazima ajue anapata wageni." Mimi pia niliona ni adabu. Basi tukawa tunatuma taarifa wiki moja kabla: kamati itafika Jumamosi, baada ya saa saba mchana.

Nyumba ya kwanza tuliletewa soda. Zilikuja kwenye sinia lenye picha ya maua ya waridi, pamoja na glasi zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Mzee alishukuru, akamimina, akanywa yote. Mzee hakuwa mtu wa kukataa soda. Nyumba ya pili, mtaa uleule, soda tena. Niliziona zile glasi nikadhani labda ndizo zilizoingia Kariakoo msimu huo. Jumamosi iliyofuata, nyumba nyingine kabisa, nikapewa glasi yangu, nikaipeleka mdomoni, ikanikwaruza. Ilikuwa na pengo dogo karibu na ule mstari wa dhahabu. Na pengo hilo nilikuwa ninalifahamu, maana lilinikwaruza mdomo uleule juma lililotangulia.

Nilibaki nimeishika, nisijue ninywe au nicheke. Wenye nyumba hizo hawakuwa ndugu. Mmoja alikuwa Mzaramo, mwingine Mmakonde, nyumba zenyewe hazikupakana. Glasi ilifikaje huku kabla yetu? Nilitaka kumuuliza mama mweka hazina njiani, lakini alikuwa amekwisha kukunja uso.

"Watu wana hela za soda," alisema. "Mimi nilipokuwa na shida sikujua hata rangi ya soda."

Familia ninayotaka kuieleza tuliifikia mwishoni, wakati chuoni imebaki nafasi moja tu. Waliishi katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na wapangaji wake, uani jiko na choo cha wote. Wao walikuwa na chumba kimoja, wanawake watatu. Bibi alimenya vitunguu saumu Kariakoo tangu ujana wake, mpaka vidole vikakataa kunyooka. Binti yake akashika kisu chake, naye anamenya hadi leo. Mjukuu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anakaa nyumbani, na siku ambazo kazi ni nyingi alikwenda kumenya na mama yake. Alikuwa ameomba kusomea umeme wa majumbani. Nilipowapa mikono, mmoja baada ya mwingine, harufu ya kitunguu saumu ilikuwa ileile kwa wote watatu.

Tulikaribishwa koridoni, juu ya jamvi jipya. Soda zikaja. Sinia la maua ya waridi likaja. Glasi zikaja, na safari hii kulikuwa na korosho kwenye kisahani. Bibi alikaa wima, kajifunga kanga iliyopigwa pasi, anatutazama tunavyokunywa.

Mama mweka hazina akaanza maswali yake. "Bibi, mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Tunakula, alhamdulillahi."

"Na shida zenu kubwa ni zipi?"

"Shida ni za binadamu, mwanangu. Nani asiye nazo? Ongeza korosho."

Binti yake, yaani mama wa msichana, alikuwa kainamisha kichwa. Msichana alikuwa anaangalia glasi yangu, halafu ananiangalia mimi, halafu glasi tena. Tulipoaga, bibi akainuka na mkongojo wake akatusindikiza mpaka kona ya duka la Mangi, Mchaga wa rejareja pale mtaani, ingawa kutembea kulimuuma na nilimwona akiuma meno.

Hatujafika barabara kubwa, mama mweka hazina akatoa hukumu. "Hawa hapana. Mtu anayekula korosho hana shida."

"Hazikuwa zake," nikasema.

"Umejuaje?"

Sikuwa nimejua, nilikuwa nahisi tu. Nikamweleza habari za pengo la glasi. Mzee akasimama katikati ya njia akacheka mpaka akavua miwani. Mama mweka hazina hakucheka. Alisema kama watu wanaficha shida yao basi hawataki kusaidiwa, na nyuma yao kuna familia nyingine inayosubiri nafasi hiyohiyo na haifichi. Hapo alikuwa na haki. Tukakubaliana kwenda mara ya pili, na baada ya hapo nafasi ipewe anayestahili.

Siku mbili zilizofuata sikutulia. Jumanne nikaenda Kariakoo kumtafuta yule mama anayemenya. Nilimkuta nyuma ya maduka ya viungo, wanawake wamekaa kwenye maboksi chini ya miavuli, maganda yanaruka, wapagazi wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele watu wapishe. Kabla sijasema neno alimwita muuza kahawa.

"Mama, sikuja kunywa kahawa," nikasema.

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Kisha nikamuuliza juu ya zile glasi, moja kwa moja, kwa sababu mimi kuzunguka sijui. Akaniangalia, akaangalia wenzake, akaangua kicheko.

"Mmetutesa nyie watu wa kanisa! Glasi ni za bi harusi wa nyumba ya pili kutoka kwetu, alipewa zawadi. Sinia la mama muuza vitumbua. Jamvi la chumba cha mbele. Soda tunachukua kwa Mangi. Mkituma habari mnakuja, mtaa mzima hatulali. Mwenye kudeki anadeki, mwenye kuazima anaazima. Mkitoka nyumba hii, mtoto anakimbia na glasi kwa mlango wa nyuma."

"Na korosho?"

"Za kijana anayeuza kwenye foleni ya magari. Mlizokula ndio mtaji wake wa siku ile."

Nilijisikia vibaya mpaka kahawa ikawa chungu. Tulikuwa tunakwenda kupima umaskini wa watu, na kila tulipoupima tuliuongeza. Nikamwambia waache, Jumamosi tukija tusipewe hata maji, mama mweka hazina aone ukweli, vinginevyo binti atakosa nafasi.

"Kamwambie bibi mwenyewe," akasema, akarudia kisu chake. "Mimi siwezi."

Nikaenda kwa bibi siku hiyohiyo. Nilimkuta barazani peke yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote kwa upole niliokuwa nao, nikamalizia na methali, kama tunavyofanya tukiishiwa hoja. "Bibi, mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa," akajibu, "na uchi wangu hujauona."

Sikuwa na methali nyingine. Akaniambia, bila hasira, kwamba mama yake alimfundisha mambo machache na mengi ameyasahau, lakini mgeni hatoki kwake na koo kavu. "Mkitaka kumsaidia mtoto, msaidieni. Mkitaka kuniona nimekaa kama ombaomba ndiyo mumsaidie, basi acheni." Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa.

Jumamosi ya pili kulikuwa na soda na sambusa. Lile sinia likaja tena kutoka uani. Mama mweka hazina alichukua sambusa moja, akanitupia jicho la kuniuliza sasa unasemaje. Akauliza maswali yaleyale, akapewa majibu yaleyale, alhamdulillahi, shida za binadamu, ongeza sambusa. Nikamwona anafunga mkoba wake. Nilijua akishaufunga mkoba amemaliza.

Ndipo msichana aliposema. Alikuwa kakaa karibu na mlango wa chumba, akamtazama mama mweka hazina, na hakuinua sauti.

"Samahani, bibi. Mama, hizi glasi siyo zetu. Sinia siyo letu, na hili jamvi siyo letu. Soda tumekopa, sambusa tumepewa. Jana usiku tumekunywa uji, leo hatujala. Bibi alimenya vitunguu, mama anamenya, na mimi nimeshaanza. Nikikosa hii nafasi ndiyo basi tena."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa anachungulia, akarudisha mlango taratibu. Mzee aliiweka glasi chini na kuitazama. Mama mweka hazina alikuwa na sambusa nusu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hajui afanye nini na kitu alichokishika.

Akakohoa. "Umeme, unauweza wewe? Utapanda nguzo?"

"Nguzo zina watu wake, mama. Mimi nataka wa ndani ya nyumba."

"Haya," akasema. "Umepata."

Bibi akainuka. Aliingia chumbani, akavuta pazia, na tulipoaga hakutoka. Nasi tunajua wote maana ya mwenyeji kutosindikiza mgeni. Msichana ndiye aliyetutoa mpaka kona ya duka, na pale akanishika mkono, akabaki nyuma na mimi wenzangu wakitangulia.

"Anti, bibi atanisamehe?"

Nikamwambia atamsamehe. Sikuwa najua, lakini angenyimwa jibu na mimi pia, angerudi vipi kwenye nyumba ile?

Mama yake alinijia siku chache baadaye, macho mekundu. Bibi amesema mtoto haendi. Na mtoto mwenyewe bibi hasemi naye. Anapewa shikamoo anaitikia akiangalia ukuta, chakula anapokea, lakini neno halimtoki. Chuo nacho kilikuwa kimetuarifu kwamba masomo yanaanza Jumatatu, na kijana asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Nilipomweleza mama mweka hazina alipandisha hasira. Alisema ndiyo maana umaskini hautoki, watu wanaoneana haya mpaka wanakufa nao. Nikamwambia anyamaze. Hatukuwa tumezoea kuambiana hivyo, akanyamaza.

Nikaenda tena kwa bibi. Nilikuwa nimejiandaa kusihi, hata kupiga magoti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mmekuja kwangu mara ngapi?"

"Mara mbili, bibi, sisi wote. Na mimi peke yangu."

"Mkaangalia jamvi, mkaangalia dari, mkauliza nakula nini. Mimi zamu yangu lini?"

Sikumwelewa. Nilimwangalia tu, na mimi ni mtu ninayejidai kuelewa haraka. Akasubiri, halafu akanionea huruma. "Mnamchukua mtoto akalale kwenu. Huko kwenu mimi nimepaona lini?"

Basi lilikuwa hilo. Nikamwambia twende hata kesho. Akakubali kwa sharti moja, kwamba watu wa chuo wasiambiwe. "Mkiwaambia," akasema, "wataazima glasi."

Tulivuka kwenda Kigamboni na pantoni Jumamosi asubuhi, bibi, msichana, na kamati nzima. Mzee alisema hiyo ni haki ya bibi na alishangaa hatukulifikiria mwanzo. Mama mweka hazina alifunga duka, jambo ambalo wenzake wa Kariakoo wanalizungumza hadi leo. Msichana alikuja na begi lake. Hakuna aliyemwambia alibebe, na bibi aliliona Kivukoni wakati tunasubiri geti lifunguliwe, akalitazama, akageuza uso kuelekea majini.

Matroni wa chuo alipotuona getini alishtuka, akaanza kusema angejua mapema angejiandaa. Bibi akampa pole na kumpita. Alianzia jikoni. Alifunua sufuria la maharage akanusa, akamuuliza mpishi anachemsha maji ya kunywa au anawapa ya bomba. Akaenda chooni, akakagua, akatoka. Akauliza mjukuu wake atasali wapi. Matroni akamwonyesha chumba kidogo karibu na stoo, wasichana wengine watatu wa Kiislamu husali humo, mkeka upo umekunjwa. Bibi alisimama pale kidogo, akaangalia kibla iko upande gani, akaridhika. Mimi nilikuwa namfuata nyuma kama mwanafunzi, mimi niliyekuwa nikijiona bingwa wa kuuliza.

Mwisho tukaingia bwenini. Chumba cha wasichana wanne, vitanda vya chuma, dirisha lina nondo na wavu. Kilikuwa safi. Bibi hakuangalia vitanda. Alikwenda nyuma ya mlango, akapapasa mbao kwa vile vidole vyake vilivyokunjika, juu, katikati, chini.

"Komeo liko wapi?"

Matroni alieleza kwa heshima kwamba mlango hauna komeo la ndani, una kitasa na ufunguo anao yeye, ili akitokea mgonjwa usiku aweze kuingia. Na usiku kuna mlinzi anazunguka.

"Mlinzi ni mwanamume?"

"Ndiyo, bibi. Mtu mwaminifu sana."

Bibi akakaa kwenye kitanda kilicho karibu. Alituangalia sisi wa kamati, mmoja mmoja, na nikadhani anakaribia kutukemea. Alisema kwa sauti ya kawaida tu.

"Nilikuwa na umri wa huyu. Nilipelekwa kufanya kazi za ndani kwa watu, Upanga. Nyumba nzuri, chumba changu peke yangu, na baba mwenye nyumba kila mtu anamsifu ni mwaminifu. Chumba hakikuwa na komeo. Niliondoka pale na mimba, na hiyo mimba ndiyo mama wa huyu. Kwa mtu sikurudi tena kufanya kazi. Nikaenda kumenya vitunguu sokoni, mchana kweupe, kwenye watu wengi."

Msichana alikuwa mlangoni na begi lake, na kwa jinsi alivyoshika mdomo nilijua hakuwahi kuambiwa. Nilifikiria maswali yote tuliyowauliza, mnakula nini, mnalala wangapi, mna shida gani. Tulikuwa tunatafuta umaskini wao umefikia wapi. Ulianzia wapi hatukuuliza, hata mimi.

Mama mweka hazina ndiye aliyesogea kwanza. Alitoka bila kuaga. Nilidhani amekwenda kulia, na labda alilia njiani, sijui. Aliporudi alikuwa na jasho hadi kwenye kilemba, na mkononi ameshika komeo la chuma alilonunua huko nje, zito, la aina wanayofungia maghala kule kwetu Kariakoo. Nyuma yake alikuja fundi seremala wa chuo na drili. Matroni akaanza kusema lazima kwanza mkuu wa chuo aulizwe. "Mwambie aje aniulize mimi," mama mweka hazina akasema, na fundi akatoboa.

Lilipomalizika kufungwa, bibi akatutoa wote nje, na msichana naye. Mlango ukafungwa. Tukasikia chuma kikiingia mahali pake.

"Sukumeni!" bibi akasema kutoka ndani.

Tukaangaliana. Mzee akavua kofia, akausukuma mlango kwa kiganja, kistaarabu, kama anavyofanya kila kitu.

"Ndivyo mwanamume anavyosukuma hivyo?"

Mzee akarudi nyuma, uso umembadilika. Kisha akaweka bega. Mama mweka hazina akaweka lake, nami langu, na fundi akaja, tukasukuma kweli, kwa nguvu zetu zote, miguu ikiteleza kwenye sakafu. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Mlango ulilia kwenye bawaba lakini haukufunguka.

"Tena!"

Tukasukuma tena mpaka mzee akaishiwa pumzi. Haukufunguka. Halafu tukasikia komeo likirudi, na bibi akatokea mlangoni, kashikilia mkongojo, kanga imemshuka begani. Hakutuangalia sisi. Alimtazama mjukuu wake, ambaye yeye bibi hakuwa amemsemesha tangu Jumamosi ile ya sambusa.

"Lete begi," akasema. "Kitanda chako ni hiki cha ukutani."